Stesheni ya Shaba

Wapo watu wazima, wenye wajukuu, ambao jioni wakitoka kazini hujifungia chumbani na treni ndogo. Nimelisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana leo nataka tuwazungumzie watu hao kwa heshima yao. Wako wengi Uingereza, Ujerumani, Uswisi, Marekani na Japani. Treni zao hutembea kwa umeme juu ya reli nyembamba zilizopigiliwa mezani, na kando ya reli hizo kuna stesheni, kibanda cha ishara, tangi la maji, daraja la waendao kwa miguu na nyumba ya mkuu wa stesheni. Treni zenyewe tuziache. Treni mtu huweza kuinunua dukani ikiwa tayari imepakwa rangi. Ninachotaka kukizungumza ni yale majengo, hasa yanayotengenezwa kwa bamba la shaba lililochongwa kwa dawa.

Shaba ninayoisema ni ile ya njano, ya vinara na madele ya kahawa, ambayo bibi zetu waliisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa. Mtu atauliza, nyumba ya shaba ya nini, wakati maboksi ya karatasi ngumu yamejaa tele? Jibu lake ni hesabu. Waingereza wengi wenye kazi hii hufuata kipimo ambacho futi moja ya kweli inakuwa milimita 4. Maana yake ni kwamba kila kitu kimegawanywa kwa 76. Mtu mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 75 anakuwa na milimita 23. Mlango wa mita 2 unakuwa na milimita 26, kama pingili ya kidole gumba. Hapo bado karatasi ngumu inatosha. Lakini tazama dirisha. Zile fito za mbao zinazoshika vioo katika madirisha ya zamani zina upana wa sentimita 2 na nusu hivi. Zigawe kwa 76 upate theluthi moja ya milimita. Karatasi ukiikata kwa wembamba huo itachanika, na plastiki itapinda. Bamba la shaba lenye unene wa robo milimita litasimama wima, na ukilipuliza kwa pumzi halitikisiki. Vivyo hivyo kwa vyuma vya uzio, kwa ngazi, na kwa zile nakshi zinazoning'inia chini ya paa la jukwaa la abiria, ambazo aliyepita Mji Mkongwe wa Unguja atazitambua mara moja kwa jinsi zinavyofanana na nakshi za mbao za kule.

Basi mnunuzi hupelekewa nini? Hupelekewa bahasha. Ndani mna bamba moja au mawili, bapa kabisa, na ndani ya bamba hilo kuta, milango, madirisha na ngazi vimelala vikiwa vimeshikwa na vijipande vidogo, kama stempu zilivyoshikana katika karatasi yake kabla posta hawajazichana. Jengo zima limo mle, ila limelala.

Namna bamba hilo linavyotengenezwa ni jambo ambalo mafundi redio wetu wanaweza kulieleza hata usiku wa manane. Redio unayonisikilizia ina ubao ndani yake, na juu ya ubao huo kuna njia za shaba nyekundu zinazopeleka umeme huku na huku. Njia hizo hazikukatwa kwa mkasi. Ubao ulikuwa umefunikwa shaba upande mzima, yakachorwa mahali pa kubaki, kisha ukatiwa katika dawa iitwayo feriki kloraidi, ikala shaba yote isiyokingwa. Stesheni ya shaba hupitia mlango huohuo. Bamba hupakwa utando wa dawa inayoathiriwa na mwanga. Mchoro wa jengo huwekwa juu na chini, ukamulikwa. Utando ukioshwa, penye mchoro shaba hubaki imekingwa, na pasipo mchoro hubaki uchi. Kisha linaingia katika dawa.

Uzuri wa kazi uko hapa. Mahali palipoachwa wazi pande zote mbili, dawa inakula kutoka mbele na kutoka nyuma mpaka zikutane katikati, na hapo panapatikana tundu. Mahali palipoachwa wazi upande mmoja tu, dawa inakula nusu ya unene, na hapo panapatikana mfereji. Mfereji huo ndio mstari wa kukunjia ukuta, na ndio unaochora mbao za mlango au udongo ulio kati ya tofali na tofali. Mchoraji asipofikiria jambo hilo kabla, dawa haitamfikiria. Akikosea dirisha kwa milimita moja, dawa italila kosa lake kwa uaminifu mkubwa, na wanunuzi wote watapelekewa dirisha lilelile lililopinda.

Wanaochora na kuuza seti hizi si makampuni makubwa. Mara nyingi ni mtu mmoja au wawili, wenye kompyuta na meza, ambao hupeleka mchoro kwa kiwanda cha kuchonga kwa dawa na kurudishiwa mabamba. Mwenye kazi akizeeka bila mrithi, seti zake hutoweka sokoni. Maelezo wanayoyaandika nayo, tuseme ukweli, mara nyingine yanaeleweka na aliyeyaandika peke yake.

Sasa tukae mezani. Kipande hukatwa kutoka katika bamba kwa kisu kigumu, vijipande vilivyobaki vikaondolewa kwa tupa ndogo. Hukunjwa katika ule mfereji, na kwa kawaida mfereji hukaa ndani ya pembe, ili nje ukuta uwe na kona kali. Kona hiyo ni dhaifu, kwa kuwa nusu ya shaba imekwisha liwa, kwa hiyo hutiwa lehemu kwa ndani iwe na nguvu. Na kulehemu ndiko kunakowashinda wengi. Si kwamba ni kugumu. Watu hufikiri kwamba chuma cha moto kinapaka lehemu kama siagi kwenye mkate. La hasha. Ni shaba yenyewe inayopaswa kupata moto, mpaka lehemu ikiigusa ikimbie yenyewe na kuingia katika nafasi. Na shaba iwe safi. Mafuta ya kidole yakiwepo, au ule weusi unaoletwa na hewa, lehemu hujikunja ikawa punje, ikakataa.

Fundi redio atajua mengi ya hayo, lakini kuna mawili yatakayomshangaza. La kwanza ni kwamba wajenzi wa shaba hupaka kabla dawa yenye asidi kidogo, ambayo fundi redio hawezi kuithubutu kwa sababu ingekula nyaya zake. Kwa hiyo kila jioni kazi huoshwa kwa maji na sabuni, vinginevyo kesho itakutwa ina kutu ya kijani. La pili ni kwamba wao hutumia lehemu za namna nyingi, kila moja ikiyeyuka kwa joto lake. Kuta hushikwa kwanza kwa lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 188 hivi. Madirisha na nakshi hufuata kwa ile ya nyuzi 145. Mwisho huja mabomba ya moshi na taa, ambavyo mara nyingi huwa vya metali laini nyeupe, na hivyo hushikwa kwa lehemu ya nyuzi 70 tu. Ukianza na ile nyepesi, ukija na moto mkali baadaye ulichokishika kitaachia na kuanguka mikononi mwako. Na ukigusa bomba la metali nyeupe kwa chuma kilekile ulicholehemia ukuta, bomba hilo hutalipata tena. Litakuwa kidimbwi.

Nisisahau tahadhari. Lehemu nyingi zina risasi ndani yake, na risasi ni sumu, zaidi kwa watoto. Dirisha liwe wazi, mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula, na meza ya kazi isiwe meza ya ugali.

Kuhusu kuta za tofali nitatoa maoni yangu, na mwenye shaba yake asinikasirikie. Ukuta wa tofali uliochongwa kwenye bamba jembamba huonekana bapa. Mtaalamu mwenye busara hujenga ukuta kwa karatasi ngumu au plastiki, akaacha shaba ifanye yale yaliyokuwa chuma na mbao nyembamba katika jengo la kweli. Palipokuwa na chuma chembamba, hapo shaba haina mpinzani. Mfano wangu ni vibanda vya mabati ambavyo kampuni ya reli ya Great Western iliviweka katika vituo vidogo vya mashambani mwanzoni mwa karne ya 20. Paa lake limepinda na kuinuka kwenye ncha, na kwa sababu hiyo watu walikiita kibanda hicho Pagoda, kama mahekalu ya Mashariki ya Mbali. Bati la migongo tunalijua sote. Kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni inchi 3. Kwa kipimo cha Waingereza hawa, inchi 3 ni milimita 1 kamili. Ikumbukeni milimita hiyo, tutaihitaji.

Siku hizi wamekuja wapinzani wengine, kuna mashine za kukata mbao na karatasi kwa mwali wa leza, na kuna zile zinazochapa kitu kizima kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Zinafanya maajabu kwa kuta na mapambo. Lakini kwa uzio na fito za madirisha, wengi bado wanarudi kwenye shaba.

Rangi ndipo jengo linapofufuka au kufa. Kwanza huoshwa kwa maji ya moto kiasi, sabuni na mswaki wa meno, likakauka bila kuguswa tena kwa vidole vitupu. Shaba ni laini mno kwa rangi, rangi ya kawaida huambuka kama ngozi ya nyoka. Kwa hiyo hutangulizwa rangi ya msingi yenye dawa inayouma metali, inayopulizwa tabaka jembamba, kisha jingine, kamwe si moja nene, maana rangi nene huziba mifereji yote iliyolipiwa pesa. Rangi ya juu isiwe ya kung'aa. Jengo la kweli likiwa mbali halimetimeti, na jengo dogo mezani ni kama jengo la kweli lililo mbali. Kwa sababu hiyo pia hakuna weusi kamili wala weupe kamili, bali kijivu kizito na maziwa yaliyochanganywa na vumbi. Penye tofali hupakwa kwanza rangi ya tofali, ikikauka hupitishwa rangi nyepesi sana ya udongo wa kuunganishia, ikafutwa upesi kwa kitambaa, ikabaki kwenye mifereji tu. Baadaye tofali moja moja huguswa kwa burashi ndogo, hili jekundu zaidi, lile lililoungua. Anayepaka ukuta wote rangi moja hupata nyumba ya peremende. Vioo, ambavyo ni plastiki angavu, huja mwisho kabisa, na visigandishwe kwa supaglu, kwa sababu mvuke wake huvitia ukungu usiotoka.

Halafu inakuja kazi ya kuchafua. Masizi yapakwe mahali injini ilipozoea kusimama. Mstari wa maji uwe chini ya bomba la mvua lililovunjika. Kizingiti kiwe kimelika katikati, walikopita abiria. Hapa mikono pekee haitoshi. Ni lazima mtu awe amesimama mbele ya jengo la kweli akalitazama.

Na hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo yetu, kwa sababu majengo mengi ya kweli hayapo. Mwezi Machi mwaka 1963 Dk. Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli ya Uingereza, alitoa ripoti iliyopendekeza kufunga stesheni 2,363 na njia za reli za maili 5,000 hivi. Baadhi ziliokolewa, lakini nyingi zilifungwa, na majengo yakauzwa, yakabomolewa au yakaachwa kwa mimea. Kabla ya hapo, mwaka 1961 na 1962, London yenyewe ilibomoa lango la mawe la stesheni ya Euston, lililokuwa na kimo cha takriban mita 21 na limesimama tangu siku za mwanzo za reli. Watu walipiga kelele, likabomolewa vilevile. Mara chache mambo yalikwenda vizuri zaidi. Stesheni ya Rewley Road mjini Oxford, iliyofunguliwa mwaka 1851 ikiwa ya vipande vya chuma vilivyofungwa pamoja, ilifunguliwa kipande kwa kipande mwaka 1999 na kwenda kusimamishwa upya Quainton, katika kituo cha makumbusho ya reli. Hata ya kweli, kumbe, ilikuwa seti!

Aliyeona mapema mambo yanakokwenda ni Roye England, kijana wa Australia aliyefika Uingereza mwaka 1925. Alizipenda nyumba za vijiji vya Vale of White Horse, akaona zinabadilishwa mbele ya macho yake, akaamua kuzihifadhi kwa njia aliyoiweza, yaani kuzijenga upya kwa udogo huohuo wa 1 kwa 76, kila moja kwa vipimo vyake. Mwaka 1954 alianzisha jumba la makumbusho la Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham. Yeye alifariki mwaka 1995, na wengine wanaendelea na kazi. Nyumba za Pendon ni za karatasi zaidi kuliko shaba, lakini akili ni ileile. Anayeijenga nyumba kwa udogo hana budi kuijua kuliko hata mwenye nyumba, ambaye pengine hajawahi kuhesabu ngazi zake.

Je, jengo lililokwisha bomolewa hupimwaje? Hupimwa kwa picha. Mjenzi hutafuta picha ya zamani ya stesheni, akashika kioo cha kukuzia, akaanza kuhesabu tofali. Tofali za Kiingereza za zamani, safu nne pamoja na udongo wake hutimiza futi moja. Ukihesabu safu 48 kutoka ardhini hadi ukingo wa paa, ukuta ulikuwa na futi 12, na mezani utakuwa na milimita 48. Kama ni kibanda cha mabati, huhesabu migongo. Migongo 80 ni futi 20. Mtu aliyepiga picha hiyo pengine alikuwa akimpiga mjomba wake aliyekuwa akisafiri, na ukuta ulikuwa nyuma tu. Miaka 90 baadaye mjomba hajulikani, ukuta unajulikana.

Msikilizaji ataniuliza, sisi haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu tuko mahali walipokuwa wenzetu mwaka 1963, tofauti ni kwamba sisi tunahama kutoka reli moja kwenda nyingine. Reli yetu ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Jirani zetu walianza Mombasa mwaka 1896, wakafika ziwani mwaka 1901. Kisha ikaja reli mpya pana. Mwaka 2017 abiria wa Mombasa walihamishiwa stesheni mpya ya Miritini, mbali na ile ya zamani katikati ya mji. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuwachukua abiria Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma, katika stesheni mpya kabisa. Mimi ni mmoja wa wanaozifurahia. Lakini kila abiria anapohama, stesheni aliyoiacha inapoteza mlinzi.

Stesheni ya Kigoma, lile jengo kubwa la Kijerumani, imepigwa picha na wageni wengi na haitasahaulika upesi. Mimi nawazia vituo vidogo vya katikati, vyenye chumba cha tiketi, benchi moja, tangi la maji na mwembe, ambavyo hata jina lake anayelikumbuka ni yule aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha dirishani. Hivyo havina picha za kadi. Na akitokea siku moja kijana wa kwetu mwenye kompyuta na chuma cha kulehemu, vifaa vya kuanzia atavipata. Wenye mifano ya reli za Uswisi huuziwa njia ya milimita 12, ambayo kwa kipimo cha 1 kwa 87 inakaribia sana mita moja ya reli yetu. Kitakachomkosesha ni vipimo vya ukuta.

Kuvipata si kazi kubwa, ila ifanywe kwa adabu. Muone kwanza mkuu wa stesheni, umweleze shida yako na upate ruhusa, kwani kupiga picha kwenye reli bila kuaga kunaweza kukulaza rumande. Chukua fito ya mita mbili iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe kila nusu mita, uisimamishe ukutani kabla ya kila picha. Simama mkabala na ukuta, usisimame kwa mshazari. Piga pande zote nne, hata ule wa choo. Pima mlango mmoja na dirisha moja kwa utepe, hesabu migongo ya bati. Nyuma ya kila picha, au chini yake kama iko kwenye simu, andika jina la kituo, tarehe, na upande wa dira uliokuwa ukiutazama.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.